Kitambaa Nyuma ya Kihenge

Kila Ijumaa alasiri, msimu wa kilimo ulipoanza, Yusta alivua sare za shule, akala chochote kilichobaki chunguni, kisha akaenda bandani kumjulia hali Mzee. Mzee hakuwa mtu. Lilikuwa ni trekta la kijivu, lenye umri mkubwa kuliko mjomba wake Ezron, ambalo marehemu babu yake alilinunua kwa mapadre walipochoka nalo. Matrekta mengine ya maeneo yale ya Iringa yalitumia dizeli. Mzee alikunywa petroli, aliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele, na akikasirika aliweza kuwarudisha watu thelathini nyumbani na majembe yao mabegani.

Hata hivyo, kijiji cha Ikunula kilimtegemea. Familia kumi na mbili zilikuwa na mgowe wao, yaani zilisaidiana kulima kwa zamu. Leo wote shambani kwa huyu, kesho kutwa wote shambani kwa yule. Mzee alilima katikati, na watu wa majembe walimalizia kingo na miteremko ambako trekta halifiki. Mwenye zamu alitoa petroli, chakula na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mwenyekiti wao, Mzee Didas, alikuwa na sheria moja ambayo haikupindishwa hata kwa machozi: kama trekta halifanyi kazi ifikapo saa sita mchana, zamu imekufa, na mwenye zamu anarudi mwisho wa foleni. Sheria ilikuwa kali, lakini ndiyo iliyokomesha ugomvi wa miaka ya nyuma.

Yusta, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa msimamizi wa petroli. Cheo hicho alipewa na Mjomba Ezron mwenyewe, fundi na dereva wa Mzee, ingawa Mzee Didas aliguna aliposikia. Kazi yake ilikuwa kwenda barabarani kwa Seni kununua petroli kwa dumu jekundu, kisha kuimimina kwenye tangi kupitia kitambaa cheupe cha pamba kilichotandikwa juu ya faneli. Si mara moja, mara mbili. Chujio la ndani la Mzee lilichanika miaka mingi iliyopita na halikupatikana jingine, kwa hiyo kile kitambaa ndicho kilichokuwa mlinzi.

Ijumaa ile Yusta alikuwa na haraka. Saa kumi na moja kulikuwa na mazoezi ya kwaya, na kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa ubeti wa kuimba peke yake. Akaangalia ukutani bandani. Dumu jekundu halikuwepo. Akakumbuka kwamba juzi lilibaki shambani kwa Mzee Didas, ng'ambo ya bonde. Kwenda na kurudi ni saa nzima.

Nje ya jiko, kwenye uzio wa mianzi, bibi yake Veneranda alikuwa ametundika madumu ya njano ya ulanzi, midomo ikitazama chini. Yusta alichukua moja, akalisuuza harakaharaka kwa maji kidogo, akalikung'uta, akaondoka mbio.

Seni alimjazia lita ishirini. Alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye familia yake ya wafugaji ilitokea kanda ya ziwa ikahamia bonde la Usangu, naye akaja kufungua kibanda cha petroli pale barabarani. Alilitazama lile dumu la njano.

"Leo umebadilisha chombo, Yusta?"

"Lile jingine liko mbali, kaka Seni. Hili nimeliosha."

"Haya. Lakini chuja vizuri."

Pikipiki ya jirani ilimsaidia kubeba mzigo hadi nyumbani. Alipoanza kumimina, petroli ilipita vizuri mwanzoni, halafu ikaanza kusimama kwenye faneli. Yusta akainua kitambaa. Kilikuwa kimejaa machicha ya ulanzi yaliyokuwa yamekauka chini ya dumu siku nyingi, vipande vidogo vya rangi ya maziwa na nyuzinyuzi za mwanzi. Petroli ilikuwa imeyabandua yote.

Alijua la kufanya. Alitakiwa kukifua kitambaa, kukianika, kuanza upya. Lakini kutoka kanisani ilisikika ngoma ya kwaya ikijaribiwa. Moyo wake ukaruka. Alikivuta kitambaa pembeni, akamimina petroli yote iliyobaki moja kwa moja kwenye tangi, akafunga kifuniko. Kile kitambaa kichafu alikisokomeza nyuma ya kihenge cha mahindi, mahali ambapo bibi yake hakuwa akifagia. Halafu akavaa kitambaa chake cheupe cha kwaya kichwani, akaenda kuimba. Aliimba vizuri, wakampigia makofi, na kusema kweli hakukumbuka petroli tena hadi alipolala.

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika shambani kwa Mama Severina. Mama huyu alikuwa mjane mwenye watoto wanne, mkubwa akiwa darasa la tatu. Wiki mbili kabla alikuwa ameteleza mlimani na mzigo wa kuni, akavunjika mguu. Sasa alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele, akisalimiana na kila aliyefika.

"Kamwene, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Kamwene. Mguu upo tu. Mimi leo naangalia shamba, mguu nitauangalia kesho."

Watu wakacheka. Mvua mbili nzuri zilikuwa zimenyesha na ardhi ilikuwa laini. Kila mtu pale alijua kwamba kama zamu hii ingemponyoka, zamu nyingine ingemfikia baada ya wiki tatu, na mahindi ya wiki tatu baadaye yangekatikiwa na mvua kabla ya kubeba. Mwaka mzima wa chakula cha watoto wanne ulikuwa umekaa juu ya trekta moja bovubovu.

Saa mbili Ezron akazungusha hendeli. Mzee akakohoa, akaunguruma, watoto wakashangilia. Akakata mstari wa kwanza, akakata wa pili. Katikati ya mstari wa tatu akaanza kupiga chafya, akatoa moshi mweusi kama wa tanuri la matofali, akanyamaza.

Ezron akaruka chini. Petroli ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye kabureta, tone kwa tone mwanzoni, halafu mfululizo, ikilowanisha udongo chini ya injini. Harufu ikapanda puani.

Wakati huohuo Bibi Veneranda alikuwa akivuka shamba na kijinga cha moto mkononi, akienda kuwasha mafiga ya chakula cha mgowe. Njia yake ilipita hatua chache tu kutoka pale lilipo trekta.

"Mama! Simama hapohapo!" Ezron alipiga kelele hadi sauti ikapasuka. "Rudi nyuma na moto! Rudi!"

Bibi Veneranda akaganda. Kijinga kilikuwa kikidondosha cheche. Akarudi kinyumenyume, polepole, mpaka kwenye njia, akakizamisha kijinga kwenye tope la mtaro. Yusta alimtazama bibi yake, kisha ule unyevu mweusi chini ya trekta, akajua kilichokaribia kutokea.

Ezron alifunga koki ya petroli. Jasho lilikuwa likimtoka. "Kabureta inafurika," aliwaambia watu. "Moto wote uhamie kule kwenye miti."

Akageuka kwa mpwa wake. "Yusta, petroli uliichuja?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Mzee Didas naye alikuwa akimtazama, mikono nyuma. Yusta akaona cheo chake kikiondoka mbele ya kijiji kizima.

"Niliichuja, Mjomba."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Sawa," Ezron akasema. Alimwamini. Kuaminiwa kule kulimuuma Yusta kuliko kofi.

Ezron alitandika gunia chini, akafungua nati, akakishusha kikombe cha kabureta. Kama kawaida yake alimweleza Yusta kila alichofanya, na leo Yusta alitamani asimweleze.

"Ni kama lile tangi la maji la shuleni kwenu. Petroli ikiingia humu, boya hili linaelea juu. Likipanda, linaisukuma sindano hii ndogo, sindano inaziba tundu, petroli inasimama. Boya likitoboka, au sindano isipokaa vizuri tunduni, petroli haijui pa kuishia. Inajaa, inamwagika, injini inazama."

Akalitikisa boya sikioni. Halikuwa na petroli ndani. Mle kikombeni kulikuwa na chembechembe kadhaa za rangi ya maziwa. Ezron alizigusa kwa kidole, akakunja uso.

"Uchafu wa kizamani wa ndani ya bomba labda. Kwa kuwa umechuja, haziwezi kuwa mpya."

Ezron akapuliza tundu, akafuta sindano, akafungua plagi nne zilizolowa akazikausha, akarudisha kila kitu mahali pake. Saa nne Mzee akawaka tena. Watu wakashika majembe. Mama Severina alinyoosha mikono juu kama aliye kanisani.

Mistari miwili. Chafya. Moshi mweusi. Kimya, na petroli ikidondoka.

Ezron alikaa chini kwenye matuta, ameegemea gurudumu. "Basi ni sindano," alisema. "Uchafu nimeusafisha, petroli imechujwa, boya ni zima. Kilichobaki ni sindano kulika. Na sindano ya Mzee, hapa Iringa nilishaitafuta nikakosa. Labda Mwanjelwa, kule Mbeya, kwa wale wauza vyuma vya zamani. Nikiondoka sasa hivi, nirudi kesho jioni."

"Saa sita haitakungoja hadi kesho jioni," alisema Mzee Didas. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na sura ya mtu anayesoma hukumu asiyoipenda.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbona hamuangalii moshi? Moshi mweusi ule ni mafuta ya taa. Huyu Seni anatuchanganyia."

Neno hilo lilishika kama moto kwenye nyasi kavu. Mwingine akasema pikipiki yake nayo inasumbua tangu juzi. Mwingine akasema watu wa kuja ndivyo walivyo, wanakuja kuchuma na kuondoka. Mzee Didas akampigia simu Seni, na baada ya dakika kumi kijana huyo akafika na pikipiki yake. Hakupewa hata salamu.

"Sijachanganya, wazee wangu," Seni alisema, kofia mkononi. "Petroli ileile ndiyo iko kwenye pikipiki hii niliyokuja nayo. Fungueni mnuse."

"Sindano ya Mzee imeliwa na nini, kama siyo mafuta yako?" alifoka mtu.

"Mimi sijui habari za sindano. Najua nilichouza." Macho yake yalipita kwenye umati yakamkuta Yusta, yakasimama kidogo. Alikumbuka lile dumu la njano. Yusta aliona wazi kwamba amekumbuka. Lakini Seni hakumtaja. Labda aliona kwamba mgeni akimtaja mtoto wa kijiji, hakuna atakayemwamini.

Mzee Didas akasafisha koo. "Basi, ndugu zangu. Ni saa tano kasorobo. Kama hakuna njia, zamu ya Mama Severina inakwenda mwisho. Na kuanzia leo mgowe huu haununui kitu kwa Seni."

Mama Severina hakulia. Alijifunga tu kanga yake vizuri, akamwita mwanawe mkubwa, akamwambia, "Nenda ukatoe mahindi ya mbegu kwenye jua, uyarudishe ndani." Yule mtoto akaondoka amekokota miguu.

Hapo Yusta akatimua mbio.

"Huyo naye anakwenda wapi?" aliuliza mtu. Bibi Veneranda alimwita, hakugeuka. Alipanda mlima mdogo, akapita banda, akaingiza mkono nyuma ya kihenge mpaka begani. Kile kitambaa kilikuwa kimekauka na kukakamaa. Akaingia ndani akachukua na kitambaa chake cheupe cha kwaya, akateremka tena, pumzi zikimkata. Njiani alitaka kusimama mara mbili. Alijiambia kwamba akisimama hataendelea.

Alipofika alikwenda moja kwa moja mbele ya Ezron, akamkabidhi kile kitambaa kichafu.

"Sikuchuja, Mjomba. Nilisema uongo." Akawageukia na wengine. "Nilitumia dumu la ulanzi kwa sababu nilikuwa nawahi kwaya. Kitambaa kiliziba, nikakiondoa, nikamimina tu. Kaka Seni hana kosa. Alinikumbusha kuchuja."

Ezron alikifungua kile kitambaa. Ndani kulikuwa na chembe zilezile za rangi ya maziwa, na ubanzi wa mwanzi mwembamba kama uzi. Alikinusa.

Yusta alisubiri kofi. Ezron akasimama, macho yakiwa mekundu.

"Kumbe sindano ni nzima," alisema taratibu. "Nasafisha kikombe huku tangi linaniletea machicha mengine juu. Ningekwenda Mbeya, nikarudi na sindano mpya, na bado ingefurika." Akatazama saa ya mkononi. "Mzee Didas, una saa moja na dakika kumi za kunipa?"

"Nina hadi saa sita kamili," alisema Mzee Didas. "Sheria haikimbii, na wewe usilale."

Wote wakaamka kama waliomwagiwa maji. Ezron alikinga chini ya tangi dumu safi lililokuwa kwenye pikipiki ya Seni, petroli ikatolewa yote. Mabaki ya chini, yaliyokuwa na tope la machicha na maji kidogo, yalimwagwa mbali shimoni. Yusta alitandika kitambaa chake cha kwaya juu ya faneli. Kilikuwa kimepigwa pasi jana.

Mara ya kwanza ilichukua dakika ishirini. Kitambaa kilichafuka, Yusta alikifua kwa petroli kidogo, akakikamua, akakitandika upya. Seni alishika dumu, Yusta alishika faneli, mikono ikimuuma, petroli ikipita taratibu kama inayowakejeli. Ezron naye alilala chali chini ya injini. Alipuliza bomba kutoka koki hadi kabureta, na ndani ya tundu la sindano akachokoa kipande cha ubanzi kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Hiki hapa," alisema akikiweka kiganjani mwa Yusta. "Huyu ndiye aliyewasimamisha watu thelathini."

"Saa sita kasoro dakika kumi na mbili," Mzee Didas alitangaza.

"Mara ya pili bado haijaisha, Mjomba," alisema Yusta. "Imebaki kama robo."

Mtu akasema, "Ah, imimine tu, binti! Muda!" Wengine wakaitikia. Yusta akamtazama mjomba wake. Ezron alikuwa na hendeli mkononi na jasho likimdondoka kidevuni.

"Anachuja hadi mwisho," alisema.

Dakika sita tena zilipita. Tangi likafungwa. Koki ikafunguliwa. Watu walichuchumaa wote kuitazama kabureta kana kwamba wanaangalia chungu kisichemke kikamwagika. Hakuna tone. Ezron alihesabu hadi thelathini kwa sauti. Bado hakuna tone. Akazungusha hendeli mara moja, mara mbili. Mara ya tatu Mzee akaunguruma, moshi mwembamba ukapanda, na jembe likazama ardhini.

Mzee Didas alitazama saa yake, akaigeuza ndani ya mkono. "Saa sita kasoro dakika tatu," alisema. "Shikeni majembe. Mmekuja kulima au kutazama sinema?"

Walilima hadi jua likaelemea magharibi, na Mzee hakupiga chafya tena. Mama Severina aliagiza mahindi ya mbegu yarudishwe juani.

Kabla watu hawajaanza kula, Yusta alikwenda kwa Seni mbele ya wote, akapiga goti dogo kama anavyofanya kwa wakubwa zake. "Nisamehe, kaka Seni. Ulitukanwa kwa sababu yangu."

"Yameisha," Seni alisema, na uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee Didas naye alisogea, akampa mkono. "Na mimi nilihukumu kabla ya kujua. Kaa hapa, ule na sisi."

Jioni Ezron alimkuta Yusta bandani akisugua madumu ya njano kwa mchanga, yote tisa. Hiyo ilikuwa adhabu aliyopewa na bibi yake. Ezron akakaa juu ya debe.

"Nitakwambia kitu, halafu sitakirudia," alisema. "Kukosea dumu, hata mimi nimewahi kukosea makubwa kuliko hayo. Uchafu wa ndani ya petroli ninaweza kuutoa kwa nusu saa, kama najua upo. Lakini fundi anafanya kazi kwa kile anachoambiwa. Uliponiambia umechuja, uliniziba macho. Nikaanza kutafuta ugonjwa pasipo na ugonjwa, mama wa watu karibu akose chakula, Seni karibu akose riziki, na bibi yako karibu aungue. Haraka ilileta machicha, Yusta. Uongo ndio uliotaka kutumaliza. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kosa ni dogo."

Yusta aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kwenye dumu. "Basi nani atasimamia petroli, Mjomba?"

Ezron alinyanyuka, akaenda kulala.

Jumanne jioni mgowe ulijiandaa kwa zamu nyingine. Yusta alipotoka shule alikuta dumu jekundu limewekwa mlangoni, na juu yake kitambaa kipya cheupe kimekunjwa. Alikwenda kwa Seni, akarudi, akaanza kuchuja. Ezron alifika na Mzee Didas, aliyekuwa na haraka ya kulipeleka trekta shambani kabla giza halijaingia.

"Umechuja?" aliuliza Ezron.

"Mara moja, Mjomba. Ya pili bado."

Mzee Didas alishusha pumzi kwa nguvu, akatazama jua. Ezron akavuta madebe mawili, moja akampa mwenyekiti, jingine akalikalia mwenyewe.

"Tukae," alisema. "Msimamizi wa petroli hajamaliza."